Unataka kulala mu hadisi gani?

Saa mbili ya usiku imepita kidogo. Taksi inasimama mbele ya lupango yetu, mu Commune Annexe, upande wa barabara ya Kasumbalesa, na mutu mumoja anateremuka na begi moja. Alitoka Kolwezi asubuhi, kilometa karibu 300, na kesho anapaswa kufika ku hospitali kuona ndugu yake. Amechoka. Mutoto wa yaya yetu, wa miaka 9, anapokea begi na kumuuliza:

— Papa, unataka kulala mu hadisi gani?

— Miye nataka tu kitanda, mwana yangu.

— Bitanda biko mu hadisi yote.

Mugeni anacheka. Karibu wote wanaingia hivi: wamechoka, wanacheka, kisha wanachagua. Kuko chumba cha Kalulu, chumba cha Nkongolo, chumba cha treni na chumba cha vidole. Kuko pia chumba cha tano, chenye tutaeleza mwishoni kwa sababu kilituchukua muda murefu kupita vingine.

Sisi ni watoto watano wa muchimbaji. Nyumba hii ndogo ya wageni tuliijenga pamoja na papa na mama, na feza yenye papa alipata wakati aliacha kazi. Watu wengi mu mutaa wanatuuliza ilikuwa namna gani. Tunaandika hapa yenye tunajua, mazuri na makosa pamoja, juu mwaka huu tena kuko baba wengi wenye watarudi nyumbani na bahasha mu mukono.

Feza ya mara moja

Papa aliingia mu shimo mwaka 1976, akatoka mwaka 2012. Miaka 36 chini ya udongo. Siku alileta décompte final nyumbani, alituita wote, akafunga mulango, akaweka bahasha juu ya meza, kati ya bukari na sombe.

— Bana yangu, hii feza haitarudia tena. Kama inaisha, njo imeisha.

Hakuna mutu alimuuliza maana. Tulikuwa tumeona kwa macho. Mwaka 2003, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka kazini mu mupango wa « départs volontaires », wenye Benki ya Dunia ilisaidia kulipa. Mu mitaa yetu tuliona namna feza ya mara moja inatembea. Mumoja ananunua taksi ya zamani, na mbele mwaka haujaisha injini imekufa. Mwingine anafungua duka, ndugu wanakuja kukopa sukari na chumvi, na duka linakuwa la ukoo. Mwingine analipa masomo ya watoto, na huyo alifanya vizuri, lakini kisha diplome iko ku ukuta na sufuria iko tupu. Hatuwacheki. Mutu mwenye alizoea mushahara wa mwezi, posho, nyumba ya kampu na hospitali ya kampani, nani alimufundisha kuchunga feza inayokuja mara moja tu mu maisha?

Basi ku ile meza kila mutu alitoa wazo lake. Kaka yetu mukubwa alitaka basi ndogo ya kubeba watu Likasi. Yomba yetu, mudogo wa mama, alisema tujenge vyumba vya kupangisha:

— Jengeni flats, muweke balokatere, mukule kila mwezi. Mambo gani ya kujiuliza?

Yaya, mwenye ni mwalimu wa shule ya musingi, alileta wazo lingine. Alisema: Lubumbashi inapokea watu kila siku. Wanatoka Kolwezi, wanatoka Likasi kilometa 120, wanatoka Kasumbalesa na bidhaa. Wanakuja juu ya hospitali, juu ya université, juu ya karatasi, juu ya kilio. Hoteli za katikati ya muji zina bei kali. Na zile nyumba ndogo za bei rahisi, mama mwenye ana watoto wawili hawezi kulala mule, tutaeleza chini ni kwa nini. Kwa hiyo kati ya hoteli kubwa na ndugu mwenye nyumba imejaa, kuko nafasi.

Hapo tulimufuata. Lakini akaongeza: kila chumba kiwe hadisi. Mutoto akiingia, aone Kalulu ku ukuta. Baba akiingia, akumbuke nkambo wake. Yomba akaweka kijiko chini.

— Munataka kujenga nyumba ya kuchezea na feza ya shimo?

Papa hakujibu. Alikaa juma mbili bila kujibu. Jioni moja yaya alimuletea kitabu cha Kifaransa cha masomo, akamusomea habari ya Ferdinand Cheval, faktere wa kijiji cha Hauterives kule Ufaransa. Huyu mutu alikuwa anatembea na barua kila siku. Mwaka 1879 alijikwaa ku jiwe moja, akalipenda, akaanza kuokota mengine na kujenga jumba la ajabu na mikono yake: wanyama, majitu, mahekalu, yote mu nyumba moja. Jirani zake walisema kichwa chake kimeharibika. Alimaliza mwaka 1912, na mwaka 1969 serikali ya Ufaransa ililiweka mu majengo ya kuchungwa.

— Alifanya miaka ngapi? papa akauliza.

— Miaka 33, papa.

— Shiye tutafanya tano.

Na ku siku ile ndiyo kazi ilianza. Ilituchukua zaidi ya tano, lakini hilo tutalisema pia.

Kichuguu, matofali na kosa la fundi

Lupango papa alikuwa ameinunua zamani, wakati ile sehemu ilikuwa bado pori. Mu lupango mulikuwa vichuguu viwili vikubwa. Mutu wa Lubumbashi anajua: udongo wa kichuguu unashikana vizuri, ndiyo udongo wa matofali. Mwaka 2015, mu kipwa, tulivunja kichuguu kimoja. Kila samedi na kila siku ya congé tulikuwa pale, sisi, wake na waume zetu, watoto wakubwa. Papa alikuwa anahesabu. Tulitoa matofali karibu 18,000, tukayapanga tanuru, tukachoma siku ine.

Kosa la kwanza ni letu. Tulisema tanuru ya pili inaweza kungojea kidogo, tupate kuni za bei nzuri. Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi ilikuja usiku, tukapoteza matofali 3,000 yenye hayakuchomwa. Asubuhi yalikuwa yamerudi udongo. Papa aliyatazama, akasema neno moja tu: « Tunaanza. » Tangu ile siku, mu jamaa yetu, mutu akisema « nitafanya kesho », watoto wanamujibu: « Mvua! »

Kosa la pili ni la fundi. Alipima chumba cha ine na kamba, kamba ikalegea, na wakati musingi ulikauka tukaona chumba kina upana wa metre 2,20 na urefu wa metre 6,50. Hakikuwa chumba, kilikuwa korido. Kaka akasema tuvunje. Kuvunja ni saruji, na saruji ni feza. Tulikaa juu ya musingi tunabishana, na mutoto mumoja alikuwa anakimbia mule ndani, kutoka mwisho moja mupaka mwingine, anapiga kelele ya treni.

Ndiyo maana kuko chumba cha treni. Hatukuvunja. Tuliweka vitanda vya juu na chini, tatu kwa mustari, sawa ndani ya wagon, na madirisha madogo upande mumoja. Ku ukuta wa ndani tulichora reli yenye inatoka kusini, juu ndiyo ilijenga huu muji: mwaka 1910 treni ya kwanza ilifika Elisabethville kutoka upande wa Rhodesia, na kisha yake mashini za kuyeyusha shaba ziliweza kufika. Leo ndicho chumba kinajaa mbele ya vingine vyote. Jamaa ya watu sita wanalala mule kwa bei ya chumba kimoja.

Kichuguu cha pili hatukukivunja. Mama alikataa. Alisema kila lupango inapaswa kubakia na kitu kimoja chenye ilikuta. Tulikata ngazi mu udongo wake, tukaweka viti vya matofali juu, na pale ndipo wageni wanakaa jioni. Umeme ukikatika, na unakatika mara nyingi, watu wanapanda pale na taa ya jua, na mama anaanza kusimulia.

Hadisi gani, na za nani?

Tulizani kuchagua hadisi ni kazi rahisi. Ilikuwa na mabishano kupita matofali.

Kalulu alipita bila shida. Kila mutu alikuwa na Kalulu wake. Sisi tulichukua ile ya kisima: nyama wa pori wanachimba kisima wakati wa ukame, Kalulu anakataa kuchimba, kisha anakuja usiku kuiba maji, mupaka siku wanamutegea kitu cha kunata na mikono yake inashikamana. Tuko na mudogo wetu mumoja, wa mwisho. Wakati wa matofali alikuwa kila mara na mutihani, na homa, na safari. Lakini siku ya kugawanya vyumba alikuja wa kwanza. Mama akamuambia mbele ya watu wote:

— Weye, Kalulu, ulikuwa wapi siku ya matofali?

Kicheko kilimuumiza kidogo. Juma lenye lilifuata alikuja na jembe, na ni yeye pamoja na vijana wawili walichimba kisima cha lupango, metre 14 mupaka maji. Chumba cha Kalulu ni chake kuchunga mupaka leo, na sungura yenye iko ku ukuta ina sura yake. Wageni hawajui. Sisi tunajua.

Chumba cha pili papa alitaka kiwe cha Waluba, juu yeye ni Muluba. Ndiyo hadisi ya Nkongolo Mwamba, mufalme mwekundu, mwenye aliogopa mutoto wa dada yake, Kalala Ilunga, mwana wa muwindaji Mbidi Kiluwe. Nkongolo alichimba shimo, akapanda mikuki ndani, akafunika na mukeka, akamuita kijana aje kucheza ngoma pale juu. Mupiga ngoma akamuonya na ngoma yake, na Kalala Ilunga akaruka, akakimbia. Ukuta wa chumba ni mwekundu wote. Katikati ya sakafu kuko mukeka wa duara. Hakuna shimo chini yake, bila shaka, ni simenti, lakini tumeona wageni wazima, wababa wa miaka 50, wanauzunguka usiku wakienda ku choo. Na tangu tulichora hicho chumba, yomba yetu anakataa kulala mule. Anasema watoto wa dada wanamusingizia.

Kwa rangi, hatukununua nyingi. Tulienda Makwacha, kijiji chenye hakiko mbali na Lubumbashi, kwenye wanawake wanachora kuta za nyumba zao kila kipwa, na udongo wa rangi mbalimbali. Mvua inafuta, mwaka unaokuja wanachora upya. Tulikaa, tukaangalia, tukauliza, tukasaidia. Tulirudi na mifuko ya udongo mwekundu na mweupe na na jambo moja kubwa la kujua: ukuta wa udongo si wa milele, unapaswa kurudiliwa, na kurudilia ndiyo kunaleta wanawake pamoja. Sasa kila mwezi wa saba mama na wakwe zake wanarudilia kuta za nje. Wageni wanakuja kuona, na wamoja wanashika burashi.

Chumba cha vidole ni cha watoto. Yaya aliwaeleza juu ya Bela, mumoja wa wachoraji wa ile nyumba ya sanaa ya Hangar yenye Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha hapa Elisabethville mwaka 1946. Bela alikuwa anachora na vidole, bila burashi. Mu kundi lile mulikuwa pia Pilipili Mulongoy na ndege, samaki na nyoka zake, na Mwenze Kibwanga. Basi tuliwapa watoto rangi na ukuta mweupe. Kuko samaki mwenye ana miguu. Hatukumurekebisha.

Shida ilianzia ku hadisi zingine. Kaka alitaka Mamba Muntu, ile mwanamuke wa maji mwenye nusu ni samaki, yenye wazazi wetu walikuwa na picha yake mu saloni miaka ya 1970, kama nyumba nyingi za kampu. Lakini siku hizi watu wengi wanasema picha ile ni ya uchawi wa feza. Jirani mumoja alituambia wazi: « Mukimuweka, watasema nyumba yenu imejengwa na yeye. » Tulibishana siku tatu. Mwishoni hatukumuweka. Tuseme ukweli: si kwa sababu tulishindwa mabishano. Nyumba ya wageni inaishi na jina lake, na jina likichafuka, hakuna rangi ya kulifuta.

Mudogo wetu wa tatu alitaka chumba cha batumbula. Wazee wanakumbuka: wakati wa Wabeleji, watu waliogopa kutoka usiku, wakisema kuko watu wa kukamata Waafrika mu giza na kuwapeleka kwa wazungu waliwe. Papa mwenyewe alikuwa ameisikia kwa papa yake. Ilikuwa hadisi ya woga, lakini ndani yake mulikuwa ukweli wa ile wakati: mutu mwenye nguvu anaweza kukuchukua, na hakuna mutu atauliza. Mama alisikiliza yote, kisha akafunga mazungumuzo:

— Mugeni analipa juu ya kulala. Hapana juu ya kuchunga mulango usiku muzima.

Hadisi ya batumbula inasimuliwa juu ya kichuguu, kwa wenye wanaiomba. Haina chumba.

Wageni wa saa moja

Tulifungua mulango mwaka 2019, na vyumba vine. Juma la kwanza tulipata wageni watatu. Juma la pili, mutu alikuja mu gari nzuri, saa sita ya muchana, pamoja na musichana mudogo kuliko mudogo wetu. Alitaka chumba « kwa saa moja tu », na alitoa feza ya usiku muzima.

Hapa ndiyo shida yenye tulisema juu. Nyumba nyingi ndogo za wageni zinaishi na saa moja moja. Chumba kimoja kinaweza kulipwa mara ine kabla jua halijatua. Ndiyo maana mama na watoto hawawezi kulala mule. Na sisi tulikuwa na deni la saruji na la mabati. Kaka akasema, pole pole, kwamba labda kwa miezi mitatu tu, mupaka deni liishe. Tulikuwa wengi wenye tulikubali mu moyo.

Papa hakupiga kelele. Alimupeleka kaka mu chumba cha vidole, akamuonyesha mukono mudogo wa binti yake ku ukuta, mwekundu, na jina lake chini. « Utamulaza ule bwana hapa? » Tulirudisha ile feza. Deni tulilimaliza kisha ya mwaka mumoja na nusu, na ilikuwa nguvu: kaka aliuza moto yake, yaya alifundisha watoto wa watu jioni. Halafu mwaka 2020 Covid ikafika, wageni wakakauka, na mu miezi mingi tulilala sisi wenyewe mu vyumba vya hadisi kwa zamu, juu hakukuwa mutu mwingine. Tulikula mihogo ya lupango. Kama tungekuwa tumekopa zaidi, leo nyumba ingekuwa ya mutu mwingine.

Lakini ule ukali wa papa ndio ulituletea wageni wa kweli. Mama mumoja wa Likasi alilala na watoto wake, akaambia mwenzake wa kanisa, huyo akaambia jamaa ya wagonjwa. Leo wageni wetu wengi ni wa namna hiyo: wake wa wachimbaji, wachimbaji wenyewe, creuseurs, wazazi wa wanafunzi. Wengi hawana furaha wakati wanafika. Kuko mugonjwa, kuko kesi, kuko kilio. Mara nyingi ni watoto wao ndio wanaanza kucheka, mu wagon ya chumba cha treni.

Chumba cha tano

Chumba cha tano kilikaa tupu, bila rangi. Tulikitumia kuweka majembe. Tangu mwanzo sisi watoto tulitaka kiwe chumba cha shimo, cha mine, hadisi ya papa. Kila mara tuliomba, alijibu namna moja:

— Mi nilishinda mule miaka makumi tatu na sita. Hakuna mutu atalipa feza juu ya kuingia mu shimo.

Hakuwahi kutusimulia kazi yake. Tulijua saa zake, kikohozi chake, viatu vyake. Tulijua akirudi hatupaswi kumuongelesha mbele hajanywa maji. Kitu kingine hatukujua.

Mwaka 2021 kijana mumoja, creuseur wa upande wa Kolwezi, alilala kwetu siku ine, kaka yake akiwa hospitali kisha ya udongo kumuangukia. Jioni ya pili umeme ulikatika, watu wakapanda ku kichuguu. Kijana akamuuliza papa, na heshima: « Muzee, nyie mulikuwa mnafanya namna gani juu ya kupona mule ndani? » Na papa akaanza kusema. Alisema juu ya lampe yenye unapima mbele ya kushuka, juu ya namba yenye unaacha juu ili wajue uko chini, juu ya kugonga jiwe la juu na chuma na kusikiliza sauti yake: jiwe zima linalia, jiwe lenye limeachana linanyamaza. Alisema juu ya wenzake wane wa posti moja naye, wenye hawakupanda. Mumoja mumoja, mu miaka mbalimbali. Alitaja majina yao. Mama alikuwa anajua mawili tu. Ilikuwa saa sita ya usiku wakati walishuka.

Asubuhi papa alisema: « Chorani. Lakini hapana shimo. Chorani kupanda. »

Basi ndivyo chumba cha tano kiko. Hakuna giza. Ukuta mukubwa unaonyesha mulango wa cage yenye imefika juu, wanaume na kofia wanatoka, macho yao yanafungwa juu ya jua, na upande mwingine wanawake wamesimama, mumoja na mutoto mugongoni. Fundi wa kuchora wa mutaa alifanya juma mbili, papa amekaa nyuma yake ku kiti, anamurekebisha: taa iko huku, kamba iko vile.

Papa alitaka majina ya wenzake wane yaandikwe. Mama akasema majina si yetu, ni ya wajane na ya watoto wao. Tulitafuta zile jamaa ine. Mumoja tulimukuta Kipushi, mwingine Likasi. Jamaa mbili zilikubali, na mujane mumoja alikuja kuona, akakaa mu chumba peke yake muda murefu. Jamaa mbili zilikataa. Moja ilisema inaumiza. Nyingine haikueleza, na haikupaswa kueleza. Kwa hiyo ku ukuta kuko lampe ine: mbili zina majina, mbili hazina. Wageni wakiuliza, tunawaambia vile iko.

Kile chumba hatukodishi kwa kila mutu. Mutu akikiomba, papa anamuangalia kwanza. Wachimbaji wanapenda kulala mule. Hatukutazamia hilo.

Yenye tunaweza kuambia wengine

Hatukutajirika. Nyumba inalipa mafuta, masomo ya watoto watatu, dawa za papa, na kidogo ya kurudilia. Wengine wanaweza kujenga kitu kingine, kinyozi, mashini ya kusaga, bustani ya kuku. Lakini kama bahasha iko njiani kuja kwako, sikiliza mambo haya.

Kwanza, usitumie franka hata moja mbele ya kukaa ku meza na watu wote, pamoja na wenye hawakubaliane nawe. Yomba yetu alikuwa anapinga, na ni yeye alituzuia kununua milango ya bei mbaya.

Pili, gawanya feza mara tatu: ya kujenga, ya kula wakati unajenga, na ya kutokugusa. Ile ya tatu ndiyo ilituponyesha mwaka 2020.

Tatu, maliza chumba kimoja mbele ya kuanza kingine. Nyumba nyingi za muji huu ziko na kuta bila mabati. Mvua haikungojei.

Ine, tafuta karatasi za lupango na ruhusa za kazi mapema, zote kwa jina moja, na uweke nakala kwa ndugu mwingine. Ofisi ni nyingi na kila moja itakuja kugonga.

Tano, andika nani alitoa nini: feza, matofali, siku za kazi. Sisi tuko na cahier moja ya mistari. Siku papa hatakuwako, hatutaki hadisi ya Nkongolo irudilie mu lupango yetu.

Na ya mwisho: uliza wazazi wako, wakati wako wazima. Tulijenga vyumba vine mbele ya kusikia hadisi yenye ilikuwa inakaa nasi ku meza kila siku.

Mu kipwa inayokuja tutaanza chumba cha sita. Matofali yameanza kupangwa. Hadisi yake haijachaguliwa, na mabishano tayari iko. Mama anasema mara hii ni zamu yake, na hataki mutu kumuuliza mbele hajawa tayari.